Gari la Theluji Lililofika Mombasa

Mwaka huu nimeombwa niandike somo la sayansi kwa Kiswahili, ili wale wasemao ati lugha yetu haiwezi mambo ya mitambo waone wenyewe. Nimechagua magari ya kwanza ya kwendea kwenye theluji. Najua mtauliza: sisi watu wa Waa na theluji, wapi na wapi? Subirini kidogo. Njia yake yafika hadi ng'ambo ya kivuko cha Likoni.

Tuanze na maneno. Theluji ni chembe nyeupe za maji yaliyoganda, zinazoanguka kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Neno theluji latoka kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na ajabu ni kwamba kwa Waajemi maana yake ni theluji yenyewe! Neno lilihamia nchi ya joto likabadili kazi. Gari letu nalo lilifanya vivyo hivyo.

Sasa shida yenyewe. Theluji laini ni kama mchanga mkavu wa pwani: gurudumu likizunguka, lajichimbia shimo. Mwaka 1908 Ernest Shackleton alipeleka gari aina ya Arrol-Johnston huko Antaktika. Penye barafu ngumu lilikwenda, lakini penye theluji laini magurudumu yalizunguka bure. Mwaka 1911 Kapteni Scott alikuwa huko na magari matatu yenye minyororo mipana badala ya magurudumu. Moja lilizama baharini barafu ilipovunjika wakati wa kulishusha kutoka melini. Mawili yaliyobaki yaliharibika injini baada ya siku chache za safari. Basi minyororo ilishika theluji, injini ndizo zilizoshindwa.

Wakati huo huko Urusi, Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa akitunza magari ya mfalme Nicholas wa Pili. Mfalme alitaka gari litembee wakati wa baridi kali. Kégresse aliondoa magurudumu ya nyuma akaweka mikanda ya mpira inayozunguka, na mbele akafunga mbao za kutelezea. Mkanda wa mpira ni mwepesi kuliko mnyororo wa chuma, tena hauna kelele nyingi.

Kwa nini mkanda hauzami? Hapa ndipo penye somo letu la shinikizo. Shinikizo ni uzito ukigawanywa kwa eneo linalogusa chini. Tuchukue gari la mfano la kilo 1,200. Kila tairi yagusa chini sentimita mraba 100, na zote nne 400. Gawanya: kilo 3 kwa kila sentimita mraba. Sasa tufunge mikanda miwili, kila mmoja ukigusa chini urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 20. Eneo lawa 4,000. Tukisema mikanda yabeba uzito wote, tutapata kilo 0.3 tu! Mwanafunzi wa kilo 60 akisimama kwa unyayo mmoja wa sentimita mraba 150, hukanyaga kwa kilo 0.4. Si mnaona? Gari zima lakanyaga kwa wepesi kuliko mwanafunzi.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipotokea, Kégresse alirudi Ufaransa akafanya kazi na André Citroën. Wakajiuliza: kinachoweza theluji, kitashindwa na mchanga? Kati ya Desemba 1922 na Januari 1923 magari matano ya mikanda yalivuka Sahara kutoka Touggourt hadi Timbuktu. Oktoba 1924 mengine manane yaliondoka Algeria chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walipofika Kampala waligawana makundi manne. Kundi la Audouin-Dubreuil likashika njia ya Nairobi hadi hapa Mombasa, mwaka 1925. Mtambo uliozaliwa kwenye theluji ya Urusi ukaiona bahari yetu!

Lakini tusishangilie mtambo peke yake. Katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, njia ya magari hayo ilifyekwa msituni kwa jasho la wenyeji. Jina la Citroën twalijua sote. Ni nani kati yetu awezaye kumtaja mfyekaji mmoja? Mkanda ulipunguza uzito juu ya ardhi, haukupunguza mzigo juu ya mabega ya watu. Tunaposoma historia ya mitambo, tuulize pia nani aliitengenezea njia.

Somo hili lina faida hata leo. Gari likikwama mchangani, kukanyaga mafuta kwa nguvu ni kulizika. Punguza upepo kidogo kwenye tairi ili zitandae, weka mbao au makuti mbele yake, kisha toka polepole. Ukifika barabarani, jaza upepo tena. Akili ni mali.

Maswali ya kujipima:
1. Eleza tofauti ya theluji na barafu.
2. Kwa nini mtu akisimama juu ya ubao kwenye tope la mikoko ya Gazi hazami sana?
3. Gari la kilo 1,500 lina mikanda yenye eneo la sentimita mraba 5,000. Tafuta shinikizo lake.