JUMANNE: Hana Kabla ya Samweli

Soma 1 Samweli 1:1–20. Ni badiliko gani lilitokea kwa Hana kabla hajapata mimba? (Angalia fungu la 18.)

Kila mwaka huko Shilo Penina alimchokoza Hana hadi akashindwa kula. Elkana alimpenda mkewe, lakini faraja yake haikufika penye jeraha. Eli, kuhani, alimdhania amelewa. (Nami nimewahi kumuuliza dada mmoja mlangoni mwa kanisa, "Mtoto lini?" Alitabasamu, kisha hakuonekana Sabato mbili.)

Hana alimmiminia Mungu uchungu wote. Alipoinuka akala, na huzuni ikamtoka usoni, ingawa tumbo lilikuwa bado tupu.

Samweli alipozaliwa machozi hayakwisha. Alimwachisha kunyonya, akampeleka Shilo, akarudi Rama bila yeye. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo (1 Samweli 2:19), akikisia amekua kiasi gani. Wazazi waliongoja miaka mingi, wakapata mtoto kwa kuzaa au kwa kuasili, huijua furaha hiyo iliyochanganyika na hofu.

Ni nani katika darasa lenu hukaa kimya Sabato ya kuweka wakfu watoto? Mtamtendea nini wiki hii, pasipo kumuuliza swali?