Rekodi Zako Katika Faili Yenye Lebo: Jinsi ya Kuisoma, Kuiomba na Kuihoji

Kila mtumiaji aliyewahi kukopa kwa simu, kulipia maji au kufungua akaunti ya benki ana rekodi ambazo hazihifadhi yeye mwenyewe. Rekodi hizo ndizo zinazoamua kama amemaliza deni, kama anastahili mkopo mwingine, au kama jina lake litapelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Mzozo unapotokea, mtumiaji hupewa karatasi iliyochapishwa au picha ya taarifa ya akaunti. Mara nyingi hilo halitoshi, na sheria ya Kenya inamruhusu kudai zaidi.

Baada ya kulisoma somo hili, utaweza:
(a) kueleza faili yenye lebo ni nini;
(b) kusoma rekodi fupi iliyoandikwa kwa lugha ya alama;
(c) kutambua jambo ambalo lebo haiwezi kulithibitisha;
(d) kuomba rekodi zako katika muundo unaofaa.

1. Picha na faili yenye lebo

Chumvi na sukari zikiwekwa katika makopo mawili yanayofanana, mgeni jikoni hawezi kuzitofautisha bila kuonja. Mwenye nyumba akibandika lebo, yeyote ajuaye kusoma atachukua anachokihitaji. Data nayo ni vivyo hivyo. Kwa kompyuta, picha ya taarifa ya akaunti ni madoa ya rangi tu: haijui ipi ni tarehe na ipi ni kiasi cha fedha. Katika faili yenye lebo, kila kipande cha habari hutajwa kwa jina lake. Kwa hiyo programu inaweza kukitafuta, kukijumlisha au kukilinganisha na kingine.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe iliyoandikwa 03/04/2024 husomwa na Mkenya kuwa tarehe 3 Aprili, ilhali Mmarekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Ikiwa malipo yalitakiwa kufika kabla ya mwisho wa Machi, tofauti hiyo ni faini.

2. Lugha za alama

Lugha ya alama ni utaratibu wa kuandika lebo ndani ya maandishi ili kueleza kila sehemu ni nini. Mwaka wa 1969, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa kampuni ya IBM walibuni lugha iliyoitwa GML, herufi ambazo pia ni za mwanzo za majina yao ya ukoo. Kutokana nayo ilizaliwa SGML, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 1986. Baadaye Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, alibuni HTML, ambayo hutumika kuandika kurasa za intaneti.

Lebo za HTML hueleza sehemu za ukurasa: kichwa, aya, jedwali. Hazisemi kama namba fulani ni deni au ni umri. Pengo hilo lilizibwa na XML, iliyopitishwa na shirika la viwango vya intaneti, W3C, tarehe 10 Februari 1998. XML haina orodha yake ya lebo. Huweka kanuni za uandishi tu, na kila taaluma hujitungia lebo zinazoifaa. Jumbe za malipo baina ya benki zinazofuata kiwango cha ISO 20022 huandikwa kwa XML. Hata barua uliyoiandika kwa programu ya Word na kuihifadhi kwa muundo wa docx ni mkusanyiko wa faili za XML zilizobanwa pamoja.

3. Jinsi ya kusoma rekodi

Tazama mfano huu wa kubuni:

<mkopo namba="A-0417">
  <malipo>
    <tarehe>2024-04-03</tarehe>
    <kiasi sarafu="KES">2300.00</kiasi>
    <muamala>QX7102</muamala>
    <hali>yamethibitishwa</hali>
  </malipo>
  <malipo>
    <tarehe>2024-05-03</tarehe>
    <kiasi sarafu="KES">2300.00</kiasi>
    <muamala>QX8846</muamala>
    <hali>yanasubiri</hali>
  </malipo>
</mkopo>

Kanuni za kuisoma ni chache:

• Kila lebo inayofunguliwa lazima ifungwe. Lebo ya kufunga huwa na mkwaju kabla ya jina lake.
• Lebo iliyofunguliwa ndani ya nyingine hufungwa humo humo, kama sufuria ndogo inavyoingia ndani ya kubwa.
• Faili nzima huwa ndani ya lebo moja kuu. Hapa lebo hiyo ni «mkopo».
• Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa: «Tarehe» na «tarehe» ni lebo mbili.
• Maelezo ya ziada huweza kuandikwa ndani ya lebo ya kufungua, yakiwa katika alama za kunukuu. Hapa «sarafu» inatuambia kwamba kiasi ni shilingi za Kenya.

Angalia pia kwamba tarehe imeanza na mwaka, ikafuata mwezi, kisha siku. Huo ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na utata tuliouona awali hauwezi kutokea.

Katika faili halisi, lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza au kwa vifupisho. Mwombe mtoa huduma akupe maelezo ya maana ya kila lebo.

4. Jambo ambalo lebo haithibitishi

Ukaguzi wa faili ya XML una ngazi mbili. Ngazi ya kwanza huangalia kama kanuni za uandishi zimefuatwa. Programu inayosoma XML ikikuta lebo isiyofungwa, hutoa taarifa ya kosa na kuacha kuichakata faili kwa kawaida. Ukali huu una manufaa kwa mtumiaji: faili iliyokatika katikati haiwezi kupita kana kwamba imekamilika.

Ngazi ya pili hutumia skima, yaani waraka unaoeleza ni lebo zipi zinaruhusiwa na kila moja ibebe nini. Skima inaweza kukataa neno «jana» mahali pa tarehe, au herufi mahali pa kiasi.

Lakini hakuna ngazi inayothibitisha ukweli. Mtoa huduma akiandika 230.00 badala ya 2300.00, faili itapita ngazi zote mbili bila kizuizi, kwa kuwa 230.00 nayo ni namba halali. Lebo kwenye kopo husema «sukari». Haizuii mtu kutia chumvi. Thamani ya faili yenye lebo ni kwamba inakuonyesha mahali hasa pa kuuliza swali.

5. Mfano wa mzozo

Tuseme mtumiaji amekopa na kukubali kulipa jumla ya shilingi 27,600 kwa awamu 12 za shilingi 2,300. Amelipa awamu zote, ila mkopeshaji anamdai shilingi 2,300 na kumtahadharisha kwamba ataripotiwa kuwa hajalipa. Picha ya taarifa aliyotumiwa ina orodha ndefu ya malipo, riba na ada, na safu ya mwisho upande wa kulia imekatika.

Akipata rekodi hiyo katika faili yenye lebo, kazi ni ya dakika chache. Anahesabu lebo «malipo» na kukuta ziko 12, kama risiti zake. Kisha anatafuta lebo «hali» na kuona kwamba 11 zimeandikwa «yamethibitishwa» na moja «yanasubiri»: muamala QX8846. Sasa halalamiki kwa jumla kwamba ameonewa. Anataja muamala mmoja, tarehe moja na kiasi kimoja, na mkopeshaji analazimika kujibu swali hilo.

6. Haki yako na hatua za kuchukua

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 kinakupa haki ya kupokea data yako binafsi katika muundo uliopangiliwa, unaotumika kwa kawaida na unaosomeka na mashine. Sheria haikutaja XML kwa jina; miundo mingine, kama vile JSON au jedwali la CSV, inaweza pia kutimiza sharti hilo. Picha ya karatasi ni vigumu kulitimiza. Haki hii ina mipaka, kwa mfano pale ambapo kuitekeleza kungedhuru haki za watu wengine.

Hatua ya 1. Andika ombi. Taja akaunti, kipindi unachokitaka na kifungu cha 38. Bakia na nakala yenye tarehe.

Hatua ya 2. Subiri siku 30. Huo ndio muda uliowekwa na sheria, ingawa ombi tata linaweza kuongezewa muda kwa kushauriana na Kamishna wa Data. Gharama ukitozwa, iwe ya kadiri.

Hatua ya 3. Linganisha faili na risiti zako, muamala kwa muamala.

Hatua ya 4. Ukipata kosa, omba lisahihishwe kwa mujibu wa kifungu cha 40, kinachohusu data isiyo sahihi, iliyopitwa na wakati, isiyokamilika au inayopotosha.

Hatua ya 5. Usipojibiwa, wasilisha malalamiko kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi.

7. Tahadhari

Faili inayosomeka kwa urahisi na mashine husomeka kwa urahisi na mwizi pia. Usiipakie katika tovuti usiyoijua inayodai kukufungulia; programu ya kawaida ya maandishi katika kompyuta yako inatosha. Anayehitaji malipo ya mwezi mmoja mpe ya mwezi huo tu, si faili nzima. Ukiisoma katika kompyuta ya umma, ifute kabla ya kuondoka.

Maswali ya kujipima

1. Kuna kosa gani katika <kiasi>500.00</Kiasi>?
2. Faili imefunguka bila kuonyesha kosa lolote. Je, hilo linathibitisha kwamba salio ni sahihi?
3. Mkopeshaji amekutumia picha ya taarifa badala ya faili. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Lebo ya kufunga ina herufi kubwa, kwa hiyo si lebo ile iliyofunguliwa. (2) La. Linathibitisha kwamba kanuni za uandishi zimefuatwa. Salio hulinganishwa na risiti. (3) Utamkumbusha kwamba kifungu cha 38 kinataka muundo unaosomeka na mashine, na utarudia ombi lako kwa maandishi.