Joto la Dunia, Umeme wa Jua na Mfuko wa Betri

SOMO LA ROBO HII: kwa ajili ya kusomwa na kujadiliwa katika vikao vya kamati za sharika

Wapendwa wanakamati na marafiki wa kazi zetu,

Katika semina yetu ya mazingira mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema: "Mratibu, unatuambia tuache mkaa. Hao waliochoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili, wao walikatazwa na nani?" Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza kusubiri jibu. Jibu nililotoa siku ile lilikuwa fupi, na halikuniridhisha hata mimi mwenyewe.

Somo hili ni jibu langu kamili. Naomba lisomwe kikaoni, kwa sababu robo ijayo kila usharika wenye zahanati au hosteli utatakiwa kuamua kama utaomba mradi wa umeme wa jua, majiko ya taasisi, au hautaomba chochote. Uamuzi huo unahitaji ufahamu, si makofi tu.

1. Blanketi linalozidi kuwa nene

Sisi wa nyanda za juu tunajua jambo moja bila kufundishwa. Usiku wa mawingu huwa na nafuu. Usiku wa nyota nyingi, hasa Juni na Julai, ndio unaogandisha umande na kuunguza viazi shambani. Sababu ni kwamba ardhi hupokea joto la jua mchana na kuliachia usiku. Mawingu na mvuke huzuia sehemu ya joto hilo na kulirudisha chini, kama blanketi.

Hewa ukaa na gesi ya methani hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hazionekani kwa macho, lakini zipo usiku na mchana, masika na kiangazi. Kuwepo kwake si kosa. Bila gesijoto, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na tusingelima chochote. Tatizo ni kwamba tumeliongezea blanketi unene.

Elimu hii si ya juzi. Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, aliweka hewa ukaa katika chupa juani, akaona inapata joto zaidi kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1859 John Tyndall alianza kupima kwa vyombo jinsi gesi mbalimbali zinavyozuia joto. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikokotoa kwa mkono kiasi ambacho dunia ingepata joto kama hewa ukaa ingeongezeka. Wakati huo hapakuwa na mikutano ya mazingira wala ruzuku za wafadhili.

Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta sehemu 315 hivi za hewa ukaa katika kila sehemu milioni moja za hewa. Vipovu vya hewa ya kale vilivyonaswa katika barafu ya ncha ya kusini vinaonyesha kwamba kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa 280 hivi. Mwaka 2024 wastani ulizidi 420. Yaani hewa ukaa imeongezeka kwa nusu ya kiasi cha awali.

2. Tunajuaje kwamba ni kazi ya binadamu?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na ni haki kuulizwa. Zipo shahidi tatu zinazokubaliana.

Ya kwanza ni alama ya kaboni yenyewe. Miti hai ina aina ya kaboni ambayo hupungua polepole baada ya kufa. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo aina hiyo imekwisha kabisa. Kaboni iliyoongezeka angani inabeba alama hiyo ya ukale.

Ya pili ni jua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 satelaiti zimekuwa zikipima nguvu ya jua, na haikuongezeka kiasi cha kueleza joto tunalolipata.

Ya tatu ni mahali joto linapoongezeka. Kama jua lingekuwa chanzo, anga lote lingepata joto, chini na juu. Kinachoonekana ni kwamba hewa ya chini inapata joto, huku tabaka la juu zaidi likipoa. Hivyo ndivyo hutokea blanketi linapokuwa nene: joto linabaki chini.

Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lililoundwa mwaka 1988 lilisema katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba hakuna shaka tena kuwa binadamu ameipasha dunia joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi kuliko yote tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.5 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Si kila jambo baya linalohusu mvua ni la tabianchi. Chemchemi ikikauka kwa sababu tumelima hadi kwenye mdomo wake, tusiisingizie dunia. Hata barafu ya Kilimanjaro, iliyopungua eneo lake kwa asilimia 85 hivi kati ya 1912 na 2007, ina maelezo zaidi ya moja. Watafiti wengi wanasema kupungua kwa theluji na ukavu wa hewa tangu mwishoni mwa karne ya 19 vimechangia sana. Kwa upande mwingine, ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020 ulichunguzwa, na matokeo yaliyotolewa 2023 yalionyesha kwamba joto la dunia liliongeza uwezekano wake kwa mara 100 au zaidi. Mjumbe wa kamati anayesema ukweli huu kwa uangalifu ataaminiwa kuliko anayelaumu tabianchi kwa kila kitu.

3. Dunia inageuka, ingawa polepole

Mzee wetu aliuliza nani aliwakataza wenye makaa ya mawe. Kwa muda mrefu, hakuna aliyewakataza. Uingereza ilifungua kituo cha umeme wa makaa ya mawe kwa matumizi ya umma jijini London mwaka 1882. Ilifunga kituo chake cha mwisho tarehe 30 Septemba 2024. Ni miaka 142.

Katika mkataba wa Paris wa mwaka 2015 mataifa yalikubaliana kujitahidi joto lisizidi nyuzi 1.5. Mwaka 2023 huko Dubai yalikubaliana, kwa mara ya kwanza kwa maneno ya wazi, kuondoka katika matumizi ya makaa, mafuta na gesi katika mifumo ya nishati, na kuongeza mara tatu uwezo wa nishati jadidifu ifikapo 2030.

Lakini maazimio peke yake hayajengi mtambo. Kilichobadilisha hesabu zaidi ni bei. Kati ya 2010 na 2019 gharama ya umeme wa jua ilishuka kwa asilimia 85 hivi, ya upepo kwa asilimia 55, na ya betri za lithiamu kwa asilimia 85. Mwaka 2024 zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote duniani ulitoka katika vyanzo visivyotoa hewa ukaa wakati wa kuzalisha, yaani maji, jua, upepo, nyuklia na vinginevyo.

Majirani zetu Kenya wanatumia jotoardhi ya Olkaria tangu 1981, na mwaka 2019 walizindua mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana. Hapa kwetu, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Tusisahau lakini mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka. Umeme wa maji nao unategemea mvua, ndiyo maana nchi inahitaji vyanzo vingi.

Ikumbukwe pia kwamba umeme ni kama sehemu moja tu ya tano ya nishati inayotumika duniani. Magari, viwanda na majiko bado kwa sehemu kubwa yanachoma. Aidha, China inayoongoza kwa kutengeneza paneli za sola ndiyo pia inayoongoza kwa kuchoma makaa ya mawe. Safari ni ndefu.

4. Jibu kwa mzee wetu

Mzee, kuhusu haki, umesema kweli. Hewa ukaa hukaa angani mamia ya miaka, kwa hiyo blanketi la leo limefumwa kwa moshi wa viwanda vya zamani pia. Sehemu ya Afrika nzima katika moshi huo ni ndogo sana. Marafiki zetu wa ng'ambo wanaosoma ukurasa huu wanalijua hilo, na wanapochangia miradi hii tunapokea kama ushirika, na kwa sehemu kama haki. Sioni aibu kuliandika.

Kwa hiyo sikukuambia uache mkaa ili kulipa deni la watu wengine. Ninazo sababu nyingine, zote za hapa nyumbani.

Kwanza ni kifua cha mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Anayepuliza kuni jikoni, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni, hahitaji takwimu hiyo. Anakohoa kila asubuhi.

Pili ni msitu. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Mengine yote hupotea. Mti unaokatwa juu ya chanzo cha maji unalipiwa na wanaoteka maji chini.

Tatu ni mwelekeo wa nchi. Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu wengi ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hosteli zetu zimo humo.

Lakini kuna jambo moja ambalo semina yetu ililipita haraka. Katika kila mtaa wapo washarika wanaosomesha watoto kwa gunia la mkaa. Kuwaambia waache bila kuwaonyesha njia nyingine ya kipato ni kuwaonea. Kamati itakayoleta ombi la majiko bila kuwataja watu hawa, nitairudisha ikamilishe.

5. Kosa ambalo ni langu

Miaka kadhaa iliyopita tulifunga umeme wa jua katika zahanati moja. Siku ya uzinduzi tulikata keki na kupiga picha, na mimi niliandika kwa wafadhili kwamba mradi umekamilika. Mwaka wa nne nilipita pale jioni. Muuguzi alikuwa anamhudumia mzazi huku ameshika simu kwa meno ili tochi yake immulikie. Paneli zilikuwa nzima juu ya paa. Betri ndizo zilizokufa, na hapakuwa na senti ya kununulia nyingine.

Sikuweza kumlaumu mtu. Bajeti niliiandika mimi, na haikuwa na mstari wa betri. Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi, lakini betri za asidi huchoka kati ya miaka 3 na 5. Jambo hilo nililijua, nikaona halipendezi kuliweka katika ombi.

Kwa hiyo sasa kila kamati ifanye hesabu mbili kabla ya kuomba.

Hesabu ya matumizi. Taa 8 za wati 9 kwa saa 6 ni 432. Kompyuta ndogo ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Simu 10 za wafanyakazi, kila moja 10, ni 100. Jumla ni wati-saa 732 kwa siku. Ukihesabu saa 4 na nusu za jua zuri, na upotevu wa theluthi hivi njiani, zinahitajika paneli za wati 250 hadi 300. Friji ya chanjo ihesabiwe peke yake. Hosteli inayowasha jenereta kwa lita 3 za dizeli kila jioni hutumia lita 1,095 kwa mwaka na kutoa tani 3 hivi za hewa ukaa. Linganisheni bei ya dizeli hiyo na ya mradi.

Hesabu ya mfuko. Tuseme betri zinagharimu shilingi 1,200,000 na zitadumu miaka 4, yaani miezi 48. Gawanya: shilingi 25,000 kila mwezi, katika akaunti yake, isiyoguswa kwa paa wala kwa sherehe. Mtunza hazina aisome katika kila kikao.

Kuanzia sasa, ombi lisilo na mfuko wa betri halitapelekwa kwa wafadhili. Nanyi marafiki mnaochangia, mtakapoletewa taarifa msiulize tu kama taa ziliwaka siku ya uzinduzi. Ulizeni kama zinawaka mwaka wa tano.

Zahanati ile imepata betri mpya, na mfuko wake unasomwa kila mwezi. Muuguzi anatumia mikono yote miwili.

Maswali ya kujadili kikaoni

1. Ni mabadiliko gani ya mvua na joto ambayo wazee wa usharika wenu wanayakumbuka? Yapi yanaweza kutokana na tabianchi, na yapi na matumizi yetu ya ardhi?
2. Hosteli, zahanati au shule yenu hutumia fedha kiasi gani kwa mwezi kwa kuni, mkaa au dizeli? Nani anayo kumbukumbu?
3. Ni familia ngapi katika mitaa yenu zinaishi kwa mkaa? Mtakaa nazo lini?
4. Kama mnao umeme wa jua tayari, betri zina umri gani, na mfuko una kiasi gani leo?

Majibu ya swali la 4 yaletwe kwa maandishi, hata kama jibu ni sifuri. Afadhali sifuri ya kweli kuliko picha ya keki.

Wenu katika utumishi,
Mratibu wa Miradi ya Dayosisi