Mashine Inayonguruma Nyuma ya Ukuta: Kelele za Usiku na Afya ya Anayelala

Katika nchi za baridi nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila, yaani mtambo unaochemsha maji na kuyasukuma katika mabomba ya kila chumba. Mtambo huo ukifungwa karibu na mahali pa kulala, wenye nyumba hulalamika kwamba hunguruma, hunyamaza, kisha huwaka tena usiku wa manane. Mkoani Mara hakuna anayehitaji kuipasha nyumba yake joto. Lalamiko lenyewe, hata hivyo, lipo Musoma, lipo Bunda, lipo Butiama. Kinachobadilika ni jina la mtambo. Hapa ni mashine ya kusaga iliyojengwa mgongoni mwa nyumba ya kupanga, ni jenereta ya duka au baa, ni majokofu makubwa ya kuhifadhia samaki, na kwa wanaoishi karibu na machimbo ya dhahabu ya Buhemba ni makarasha yanayosaga mawe. Bunda huongezewa malori, kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Sirari hupita katikati ya mji.

Macho hufungwa mtu anapolala, lakini masikio hubaki wazi. Sauti inapoingia, ubongo huipima hata kama mwenyewe hajazinduka. Mapigo ya moyo huongezeka, mishipa ya damu hubana, tezi za adrenali humwaga homoni za tahadhari, na usingizi mzito hurudi kuwa mwepesi. Asubuhi mhusika anaweza kuapa kwamba alilala usiku kucha, ilhali mwili wake ulishtuliwa mara nyingi. Jambo hili lina uzito kwa mgonjwa wa shinikizo la damu. Kwa kawaida shinikizo hushuka usiku kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, na huo ndio muda wa moyo kupumzika. Asiyepata mteremko huo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na maradhi ya moyo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mlio mmojammoja usizidi 45. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama 60. Msomaji asidhani kwamba 60 ni mara mbili ya 30. Kipimo hiki hupanda kwa namna yake, na kila ongezeko la desibeli 10 sikio huliona kama kelele imezidi maradufu.

Aina ya sauti nayo ni muhimu. Mngurumo usiobadilika huzoeleka kwa kiasi fulani. Unaoanza na kukoma bila ratiba hauzoeleki. Ndiyo maana jokofu linalowaka na kuzima huweza kuudhi kuliko feni inayovuma usiku wote. Sauti nzito za injini, zaidi ya hayo, hupenya ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba, na pamba masikioni haizizuii vya kutosha. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari, na kuta za ndani huishia chini ya bati. Katika nyumba ya namna hiyo kufunga mlango hakusaidii sana, kwa kuwa kelele hupita juu ya ukuta kama moshi wa jikoni.

Wanaolala mchana

Kundi linalosahaulika ni la wavuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapong'aa kazi hupungua. Mvuvi wa Musoma hufika nchi kavu alfajiri na kulala saa ambazo mashine za kusaga ndiyo kwanza zinawashwa. Walinzi, madereva wa usiku na wauguzi wa zamu wako katika hali hiyo hiyo. Sheria na jamii huwahurumia wanaolala usiku. Anayelala saa nne asubuhi huitwa mvivu. Mhudumu wa afya anayemuuliza mvuvi "Baba, usiku unalala vizuri?" amekosea swali tangu mwanzo. Aulize: "Baba, unalala saa ngapi, na unalala wapi?"

Swali hilo la pili ndilo msingi wa somo hili. Mgonjwa husema usingizi umekata, kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu. Njia fupi ni kumwandikia dawa ya usingizi, nayo si njia njema. Kwanza zichunguzwe sababu nyingine: maumivu, sonona, pombe, kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi, au kidonge cha kupunguza maji mwilini kilichomezwa jioni na kumwamsha mgonjwa kwenda haja ndogo. Kisha aulizwe nini kipo upande wa pili wa ukuta wa kitanda chake. Dawa ya usingizi haiizimi mashine. Humfanya tu mlalaji awe mzito wa kuamka hata pale anapopaswa kuamka.

Na yapo mazingira ambamo kutoamka ni kifo. Jenereta hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mara nyingi kelele yenyewe ndiyo huanzisha maafa: jirani wamelalamika, au mvua inanyesha, au mwenye mali anaogopa wezi, basi jenereta huingizwa stoo au ukumbini na milango hufungwa. Kizuia sauti cha eksozi hupunguza mlio, hakipunguzi sumu. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote, na moshi uelekezwe mbali na nyumba. Jiko la mkaa lililoachwa chumbani lina hatari hiyo hiyo.

Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, isidhaniwe kuwa ni malaria kabla ya kuuliza habari za moshi. Watolewe kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa hospitali. Mhudumu akumbuke kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganya hapa, kwa kuwa hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile iliyoshikwa na gesi; namba inaweza kuonekana nzuri wakati mgonjwa anakufa. Tiba ni oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa, isiyosubiri kipimo.

Nini kinawezekana

Kwa kelele ya kawaida, hatua ya kwanza haigharimu kitu: kitanda kihamishwe kutoka ukuta unaopakana na mashine. Mashine iliyofungwa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji hutetemesha jengo zima, hivyo vipande vya mpira vya tairi chini ya miguu yake hupunguza mtetemo. Penye uwazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili kelele hupungua kwa takriban desibeli 6. Kuisogeza jenereta kutoka mita 5 hadi 10 si jambo dogo. Uwazi wa juu ya ukuta wa ndani ukizibwa, madirisha ya nje yaachwe yapitishe hewa. Anayeamua kulala uani ili kuikimbia kelele achukue chandarua, kwa sababu kanda ya ziwa haina msamaha na mbu.

Mazungumzo na mwenye mashine huja kabla ya mashtaka, na mara nyingi hutosha kukubaliana saa ya kuzima. Yasipotosha, zipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Mlalamikaji huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri, na hatimaye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Aende na daftari lenye tarehe, saa kelele ilipoanza na saa ilipokoma, kwa muda wa wiki mbili. Daftari hilo hilo alipitishe kwanza kliniki, likae pamoja na vipimo vyake vya shinikizo la damu.