WIMBO WA TAIFA NA DHAMIRI YA MKRISTO

Somo: Mathayo 22:15–22, Matendo 5:27–29, 1 Timotheo 2:1–2



Watoto wetu wakiwa mstarini shuleni huimba Wimbo wa Taifa. Sisi Waanglikana hatuna shida nao, maana wimbo ule ni sala: humwomba Mungu abariki Afrika, na Tanzania, na viongozi. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo jambo hilo hilo. Lakini je, asiyeimba ni adui wa nchi?

Swali hili lilifika mahakamani. Wilayani Mbozi, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Mbeya, wanafunzi wa sekondari walio Mashahidi wa Yehova walikataa kuimba, wakisema imani yao haiwaruhusu. Wengine walifukuzwa shule, wengine wakaadhibiwa. Mahakama Kuu iliwakatalia, wakakata rufaa, na mwezi Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawapa haki. Ilisema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuuimba.

Wengi wetu tuliosimamia mistari ya shule miaka mingi tuliipokea hukumu ile shingo upande. Mwalimu hupenda mstari ulionyooka na sauti moja! Lakini tufungue Mathayo 22.

Wale waliomjia Yesu na swali la kodi walitaka kumnasa. Akisema lipeni, watu watamchukia. Akisema msilipe, atashtakiwa kwa Warumi. Yeye akaomba aonyeshwe dinari. Angalieni kwamba walikuwa nayo: walikuwa wakitumia fedha ya Kaisari sokoni huku wakijifanya wana mashaka juu ya kodi yake. Kisha akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Fedha ina sura ya Kaisari, basi arudishiwe. Na mtu je, ana sura ya nani? Jibu limo katika Mwanzo 1:27. Kaisari ana haki ya kodi, na ya kutiiwa katika sheria zilizo halali. Dhamiri ya mtu haikuchapwa sura yake.

Katiba yetu haiko mbali na hapo. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kule Uingereza, kanisa mama yetu ni kanisa la dola: mfalme ndiye mkuu wake hapa duniani, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi. Sisi hatukurithi hilo. Jimbo letu la Tanzania, lililoundwa mwaka 1970, halina kiti bungeni wala serikali haituchagulii askofu. Tunaona hiyo ni heri kwetu.

Ila dhamiri isiwe maficho. Mtu anayepitisha mpunga wake usiku ili akwepe ushuru, kisha akasema anamtii Mungu kuliko wanadamu, anamsingizia Petro. Petro alikatazwa kuhubiri, hakukatazwa magendo.

Tena, uaminifu kwa nchi si kunyamaza. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Hakushika silaha, wala hakukimbia. Akasingiziwa uhaini, na tarehe 16 mwezi huo akauawa. Aliyeitwa msaliti ndiye aliyeipenda Uganda kuliko waliomshtaki.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Mtoto wa jirani husimama kwa heshima bila kuimba. Watoto wetu wakimzomea, tuwaambie nini?

2. Mgombea ambaye ni muumini mwenzetu akiomba kusalimia ibadani wakati wa kampeni, wazee wa kanisa wamjibuje? Je, akiwa wa chama tusichokipenda?

3. Someni Danieli 3. Vijana wale watatu walikuwa watumishi wa serikali. Walikataa nini, na kazi gani waliendelea kuifanya?