Kugawa Nambari ya Sefu ya Chama kwa Karatasi Angavu

Chama kilichonunua ploti Matasia kina hatimiliki moja na wanachama wengi. Nambari ya sefu inamotunzwa hati hiyo ikijulikana na mtu mmoja, wengine wanaishi kwa huruma yake. Mwaka 1994 Moni Naor na Adi Shamir walionyesha jinsi picha inavyofichwa katika karatasi mbili angavu: kila moja ni madoa matupu, zikilazwa pamoja inasomeka kwa macho, bila kompyuta. Hapa tunampa mwenyekiti uzito zaidi: bila yeye sefu haifunguki, na peke yake hawezi kuifungua.

Kwanza, chora nambari kwenye karatasi ya miraba, kila mraba uwe mweusi au mweupe. Mchoraji ataijua nambari, kwa hiyo awe mtu asiyeshika ufunguo wa chumba chenye sefu.

Pili, gawa kila mraba wa karatasi angavu katika vyumba vinne na upake viwili rangi nyeusi. Ipo mipangilio sita tu: ipe namba 1 hadi 6, kisha rusha dadu kwa kila mraba. Usichague kwa kichwa hata ukichoka. Mtu hurudia anachokipenda bila kujua, na usiri wote unategemea dadu hiyo.

Tatu, karatasi ya kwanza ifuate dadu. Ya pili, penye mraba mweupe wa siri nakili mpangilio uleule. Penye mweusi, paka vyumba viwili vilivyobaki. Zikilazwa sawasawa, weusi unajaa kabisa, weupe unabaki nusu.

Nne, mpe mwenyekiti ya kwanza. Nakili ya pili mara mbili, moja ya katibu, moja ya mweka hazina. Hao wawili wakikutana bila mwenyekiti, wana karatasi pacha zisizoonyesha kitu.

Choma mchoro wa awali. Usipige picha kwa simu wala usitoe kopi saiba.

Sefu ikishafunguliwa, badilisheni nambari na mchore karatasi zote upya. Mkibakiza ile ya mwenyekiti, atakayelinganisha karatasi za zamani na mpya za katibu ataona mahali nambari zilipotofautiana.

Mwenyekiti akifariki, karatasi yake ikapotea, nambari imepotea nayo. Wekeni nakili yake kwa wakili, mkijua kwamba wakili na katibu wataweza kufungua bila mwenyekiti, na muiandike ruhusa hiyo katika katiba ya chama.