Jiwe la Apophis: Hesabu Itangulie Hofu

Utakapokaribia mwezi wa Aprili 2029, bila shaka zitaenea barazani khabari za jiwe la mbinguni lijalo kuigonga dunia. Yafaa basi tulijue jiwe hilo tangu sasa, asije akatutisha asemaye bila ya ilimu.

Jiwe hilo ni katika zile ziitwazo asteroidi, yaani majabali yanayolizunguka jua kama dunia yetu, ila ni madogo mno hata hayaitwi sayari. Si nyota, wala halina nuru yake. Laonekana kwa mwanga wa jua ulipigao. Wanafalaki waliligundua Juni 2004 huko Kitt Peak, Arizona, nchini Marekani, kisha likaitwa Apophis. Upana wake ni kiasi cha mita 340, na hulizunguka jua kwa muda usiotimia mwaka.

Disemba 2004 hesabu zilionyesha kuwa huenda likaigonga dunia tarehe 13 Aprili 2029, na uwezekano wake ukafika 1 katika 37. Wengi walitishika. Lakini na tutazame hesabu hiyo ilisimama juu ya nini. Jiwe lilikuwa limeonwa siku chache tu. Na aonaye tanga mara moja kwa mbali hawezi kusema chombo kitaingia bandari gani. Zilipopatikana picha za Machi 2004, zilizopigwa kabla jiwe halijajulikana, njia yake ilipimwa upya, na khatari ya 2029 ikaondoka. Machi 2021 likapimwa kwa rada, ikathibiti kuwa halitaigonga dunia kwa muda wa miaka 100 kwa uchache.

Basi Ijumaa hiyo, usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu, litapita kiasi cha kilomita 32,000 juu ya ardhi, na hali mwezi uko mbali kiasi cha kilomita 384,000. Watu wa Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi wataweza kuliona kwa macho matupu, mfano wa nyota itembeayo, iwapo mawingu hayatalificha. Nasi twajua masika yetu yalivyo. Tena mvuto wa dunia utaipinda njia yake, hata mzunguko wake uzidi mwaka mmoja.

Funzo ni hili: wataalamu hawakuificha hesabu ya kwanza, wala hawakuing'ang'ania ilipokuja iliyo bora. Na tuwafundishe watoto wetu mapema, ili usiku huo wapande darini kutazama, wasijifiche mivunguni.